Somo la Ufundi: Meno ya Gia ya Mshazari Yakikataa Kuingiana



Katika somo letu la leo tunazungumza na wenzetu wa karakana, na pia wale wa viwanda vya chai, sukari na matofali ambao mashine zao hungoja kipuri kutoka karakana. Tumeulizwa jambo hili katika matawi zaidi ya moja: gia ya meno ya mshazari imekatwa kwa mashine ya leza, imepangwa, imefungwa kwenye shafti, lakini haiingiani na mwenzake. Inakwama, au inapiga kelele, au inazunguka kidogo kisha inang'ata. Bosi anauliza nani ameharibu. Fundi aliyechora anamtaja aliyekata, aliyekata anamtaja aliyepanga, na aliyepanga anautaja mchoro. Mwisho wa mwezi mmoja wao anakatwa mshahara.

Sisi twasema kosa hilo linaweza kupatikana bila ugomvi, kwa kufuata njia moja na kuandika vipimo. Fuateni somo hili polepole, mkiwa na kalamu mkononi.

Kwa nini jambo hili ni letu

Wazee wetu wa Kampala wanakumbuka mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, na miaka iliyofuata. Vipuri viliadimika, na viwanda vingi vikasimama au vikafanya kazi nusu. Mafundi wa Katwe na wa mahali pengine walilazimika kutengeneza kwa mikono kile kilichokuwa kikitoka ng'ambo. Walitumia jiliwa, tupa, msumeno na macho. Hadi leo ukitaka kitu cha chuma Kampala, utaelekezwa Katwe.

Siku hizi kuna mashine za leza mjini. Fundi huchora kwenye kompyuta, kisha mwali wa leza hukata bamba la chuma kwa dakika chache. Kazi imekuwa ya haraka, na kosa nalo limekuwa la haraka. Mwenye tupa aliliona kosa lake likija. Mwenye leza anaweza kukata mabamba manane mabovu kabla ya chai ya saa nne.

Gia ya mshazari ni nini

Gia ya kawaida ina meno yaliyonyooka sawa na shafti. Gia ya mshazari ina meno yaliyolala upande kidogo, kama nyuzi za kamba iliyosokotwa. Meno hayo hushikana polepole, jino moja likianza kabla lingine halijaacha. Kwa hiyo gia huzunguka kwa utulivu na kelele hupungua.

Sasa tushike jambo la kwanza: mashine ya leza ya kawaida hukata wima, kutoka juu kwenda chini. Haiwezi kulaza jino. Ziko mashine ambazo kichwa chake huinama, lakini ni za gharama kubwa. Kwa mashine ya kawaida mafundi hutumia ujanja wa zamani. Hukata mabamba mengi membamba yenye meno yaliyonyooka, kisha huyapanga moja juu ya jingine, kila bamba likizungushwa kidogo kupita lililo chini yake. Ukilitazama kwa mbali jino limelala. Ukilitazama kwa karibu utaona ngazi. Mwingereza Robert Hooke alieleza gia ya ngazi namna hii tangu karne ya 17, kabla leza haijafikiriwa.

Ujanja huu una mipaka yake. Gia ya mabamba hufaa kazi nyepesi na ya mwendo mdogo, au kusukuma siku chache mpaka gia kamili ifike. Haichukui nafasi ya gia iliyochongwa kwa mashine ya gia na kuchomwa ili iwe ngumu. Asiwepo mtu wa kuwaambia mwiweke kwenye kinu kikubwa cha miwa.

Hesabu yake

Msiogope hesabu, ni ya shule ya msingi. Tuchukue mfano mmoja na tukae nao mpaka mwisho.

Gia kubwa ina meno 40, na duara ambalo meno hukutana lina kipenyo cha milimita 160. Gia ndogo ina meno 20, na duara lake ni milimita 80. Meno yamelala kwa digrii 15. Kila bamba lina unene wa milimita 6, na kila gia ina mabamba 8, yaani upana wa milimita 48.

Kwa mlalo wa digrii 15, jino husogea milimita 26.8 katika kila milimita 100 za upana. Kwa bamba la milimita 6, jino litasogea milimita 1.608. Hii ndiyo ngazi moja. Nayo ni ile ile kwa gia kubwa na kwa gia ndogo, kwa sababu meno yanakutana.

Sasa tuigeuze iwe digrii. Mzunguko wa gia kubwa ni 160 mara 3.1416, yaani milimita 502.7. Gawanya 1.608 kwa 502.7, kisha zidisha kwa 360. Utapata digrii 1.15. Fanya vivyo hivyo kwa gia ndogo: mzunguko wake ni milimita 251.3, na jibu ni digrii 2.30.

Hapa wengi huanguka. Milimita ni sawa, lakini digrii si sawa. Gia ndogo inazungushwa mara mbili ya kubwa, kwa kuwa kipenyo chake ni nusu. Fundi akitumia 1.15 kwa zote mbili, bamba la kwanza litaingia vizuri, la pili litakosea kwa milimita 0.8, na la nane kwa zaidi ya milimita 5.

Andikeni jedwali hili ukutani kabla ya kazi. Gia kubwa, bamba la 1 hadi la 8: 0, 1.15, 2.30, 3.45, 4.61, 5.76, 6.91, 8.06. Gia ndogo: 0, 2.30, 4.61, 6.91; 9.21, 11.51, 13.82; 16.12. Namba hizi zote zinapimwa kutoka bamba la kwanza. Hazipimwi kutoka kwa jirani.

Kwa nini tunasisitiza hilo? Kwa sababu haba na haba hujaza kibaba. Ukipima kila bamba kutoka kwa jirani yake na kukosea digrii 0.1 tu kila mara upande ule ule, kwenye bamba la nane umekosea digrii 0.7. Kwenye gia kubwa hiyo ni karibu milimita moja nzima. Ukipima yote kutoka la kwanza, kosa la bamba moja hubaki kwa bamba hilo.

Njia ya kutafuta kosa

Gia ikikataa, msikimbilie tupa. Anzeni hatua ya kwanza na msiruke hatua. Kila hatua iandikwe: tarehe, kipimo, na jina la aliyepima.

Hatua ya 1. Tazama bamba lilivyolala. Mashine hukata wima, kwa hiyo bamba lazima lilale sawa. Vyuma vinavyobeba bamba hushika takataka iliyoyeyuka. Takataka hiyo huinua upande mmoja, na ukuta wa mkato huinama. Safisha kwanza. Kisha weka rula iliyonyooka juu ya bamba na utazame kama kuna mwanga chini yake.

Hatua ya 2. Pima mwali kama unapita katikati ya tundu la mdomo wa mashine. Njia ya karakana ni hii: bandika utepe wa karatasi kwenye mdomo, ruhusu mpigo mmoja mdogo, kisha tazama alama. Ikiwa alama iko upande mmoja, mwali hauko katikati, na mkato utakuwa mzuri upande huu na mbovu upande ule. Kazi hii ifanywe na mtu aliyefundishwa, kwa miwani maalumu na mlango wa mashine ukiwa kama kitabu cha mashine kinavyotaka.

Hatua ya 3. Pima mraba. Kata mraba wa milimita 200 kila upande. Pima kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Kila njia iwe milimita 282.8. Njia moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, mashine haiko kwenye pembe sawa, na kila gia itakuwa imepotoka hata kama mchoro ni mzuri.

Hatua ya 4. Pima njia ya moto. Mwali una upana wake, nao hula chuma. Kata duara la milimita 50 na tundu la milimita 50. Ikiwa duara limetoka 49.7 na tundu limetoka 50.3, mwali umekula 0.3. Maana yake kompyuta haikuambiwa upana huo, na mwali umepita juu ya mstari badala ya kando yake. Kila jino litakuwa jembamba kwa 0.3 na tundu la shafti litalegea. Pima duara hilo pande kadhaa pia. Likiwa na umbo la yai, mikanda au skrubu za mashine zimelegea.

Hatua ya 5. Tazama mpango wa kukata. Matundu na njia ya kabari ya shafti vikatwe kwanza, meno ya nje yakatwe mwisho. Meno yakimalizwa kwanza, kipande huachana na bamba na kinaweza kusogea, kisha tundu likakatwa pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, msiendelee pale pale kwa kukisia. Rudisheni mashine kwenye alama yake ya kuanzia na mhakikishe. Mkiwa na shaka, bamba hilo liwekwe kando. Bamba moja ni rahisi kuliko gia nzima.

Hatua ya 6. Tazama mchoro wa kila bamba. Katika mchoro, tundu la shafti, njia ya kabari na matundu ya pini hukaa mahali pamoja katika mabamba yote. Kinachozunguka ni meno. Mchoraji akizungusha kila kitu pamoja, mabamba yote yatakuwa sawa, na mkiyapanga mtapata gia iliyonyooka. Ukiona gia yenu haina ngazi hata moja, jibu ni hili.

Hatua ya 7. Tazama namba na uso. Kila bamba lichorwe namba yake na leza, upande wa juu. Yakipangwa, namba zote zitazame upande mmoja na zifuatane. Bamba moja likigeuzwa chini juu, mlalo wake huwa wa upande mwingine. Mara nyingi kosa linaloitwa la mashine ni bamba la 5 lililopinduliwa.

Hatua ya 8. Tazama pini. Tundu dogo katika bamba nene halitoki zuri kwa leza. Msikate tundu lenye kipenyo kidogo kuliko unene wa bamba. Kwa pini ya milimita 8, kata tundu la milimita 7.5, kisha limalizie kwa rima, kile chombo cha kusafisha tundu mpaka lifike kipimo. Pini iingie kwa kugongwa kidogo. Pini inayoingia kwa kidole imelegea, nayo itaruhusu mabamba kuhama mashine ikibeba mzigo.

Hatua ya 9. Tazama mkono wa gia. Shafti mbili zikiwa sambamba, gia moja lazima ilale kulia na mwenzake alale kushoto. Wekeni gia mbili mezani kando kwa kando. Zikilala upande mmoja zote, hazitaingiana hata mkipiga tupa mwaka mzima. Dawa ni kukata moja upya.

Hatua ya 10. Sasa ndipo mje kwenye shafti. Umbali kati ya shafti katika mfano wetu ni milimita 120, yaani 160 na 80, nusu yake. Pima kwenye ncha zote mbili za shafti. Pakeni wino au rangi nyembamba kwenye meno ya gia moja, zungusheni kwa mkono, kisha msome alama. Alama zikiwa upande mmoja tu wa upana wa gia, shafti haziko sambamba. Alama zikiwa nchani mwa meno tu, shafti zimeachana mno. Meno yakigusa chini kabisa na gia ikawa nzito, shafti zimekaribiana mno.

Katika gia ya ngazi kuna jambo moja zaidi. Bamba la 1 la gia kubwa lazima litazamane na bamba la 1 la gia ndogo, la 2 na la 2, mpaka la 8. Gia moja ikisogea mbele milimita moja, ukingo wa bamba lake utakutana na bamba la jirani, ambalo meno yake yamehama milimita 1.6. Hapo gia hukwama kabisa, nayo inaweza kuvunja jino. Kwa hiyo shafti zisiwe na mchezo wa kwenda mbele na nyuma. Na kama gia ya mabamba inakutana na gia kamili ya kiwandani, ngazi zake lazima zisawazishwe kwanza, na kwa ajili hiyo jino liachiwe chuma cha ziada tangu mchoroni.

Usalama kabla ya bamba

Mwali wa leza inayokata chuma hauonekani kwa macho. Mtu haoni kitu, kumbe jicho limeungua, na jicho lililoungua ndani haliponi kwa dawa ya duka. Miwani ya kuchomelea si miwani ya leza. Miwani lazima iwe ya aina ya mwali wa mashine ile. Mlango wa mashine usifungwe kwa waya ili mashine ikate ukiwa wazi. Chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana, kwa hiyo feni ya kuvuta moshi ifanye kazi. Na mnapojaribu gia kwa mkono, umeme uzimwe na swichi ifungwe, ufunguo ukae mfukoni mwa yule ambaye vidole vyake viko kwenye meno. Baada ya jaribio, kifuniko cha gia kirudishwe kabla ya kuwasha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 hapa Uganda inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Inampa pia mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari. Anayedai miwani anadai kilichoandikwa katika sheria.

Daftari la vipimo ni ngao

Sasa turudi kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka juu ya makato. Mwajiri hana ruhusa ya kukata anavyotaka kwa sababu tu amekasirika. Lakini ndugu, sheria inahitaji ushahidi, na mfanyakazi ambaye hakuandika kitu huingia ofisini mikono mitupu.

Tazameni hatua kumi tulizozitaja. Mwali usiokaa katikati na mikanda iliyolegea ni kazi ya matengenezo, na matengenezo huamuliwa na mwenye mashine. Digrii zisizo sawa ni kazi ya mchoro. Bamba lililopinduliwa ni kazi ya kupanga. Makosa hayo yote matatu huonekana sawa kwa macho ya bosi: gia imekwama. Daftari ndilo linaloyatenganisha. Mpiga leza aliyeandika asubuhi kwamba mraba umetoka 282.8 na 283.6, akampa msimamizi atie sahihi, hawezi kulaumiwa mchana kwa gia iliyopotoka. Msimamizi akikataa kutia sahihi, andikeni hilo pia, na mjumbe wa chama ajulishwe siku hiyo hiyo.

Daftari hilo lisiwe silaha ya mfanyakazi dhidi ya mfanyakazi. Mchoraji, mkataji na mpangaji wote wanalipwa kutoka mlango mmoja. Wakae pamoja dakika kumi kabla ya kukata bamba la kwanza, walisome jedwali kwa sauti, na wakubaliane upande wa mlalo. Kisha likatwe bamba moja moja la kila gia, yajaribiwe mezani, na ndipo yaliyobaki yakatwe. Msimamizi akisema hakuna wakati wa jaribio, aulizwe kwa heshima kama kuna wakati wa kukata mabamba 16 mara ya pili.

Vijana wanaojifunza kazi wapewe nafasi ya kupima na kuandika, wasiachiwe kufagia tu. Fundi akizeeka na ujuzi wake kichwani, karakana hurudi nyuma, na kijana atalipwa kama kibarua miaka kumi.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Gia ina duara la milimita 120, meno yamelala digrii 15, mabamba ni ya milimita 6. Kila bamba lizungushwe digrii ngapi? (Jibu: mzunguko ni milimita 377, 1.608 gawanya kwa 377, mara 360, ni digrii 1.54.)

2. Mabamba saba ya mwanzo yanaingiana vizuri, la nane peke yake linakwama. Mtaanza kutazama wapi, na kwa nini hamtaanza kwenye shafti?

3. Katika karakana yenu, nani anatia sahihi kwamba mashine imepimwa? Kama hakuna, nani atalipeleka jambo hilo kwenye mkutano ujao na mwajiri?

Majibu ya swali la pili na la tatu yaandikwe na katibu wa tawi na kusomwa katika mkutano wa wanachama. Hesabu ya swali la kwanza kila mmoja aifanye kwa mkono wake mwenyewe.

Umoja ni nguvu.